Jinsi ya kutengeneza speisa ya pampu ya pumu kwa chupa ya soda, kwa sisi wa Mwanza na visiwani

Wazazi wenzangu, hii naiandika kwa sababu haiishi wiki bila mtu kuja hapa dirishani dukani anasema dokta ile pampu haifanyi kazi bana, nipe vidonge, na nikimwambia hebu nioneshe unavyompulizia mtoto, naona dawa yote imeishia kwenye ulimi na nyingine inatoka puani. (Mnaniita dokta lakini mi muuza dawa tu, msije mkanisingizia.) Pampu haina shida. Dawa ikitoka pale inatoka kwa kasi kama maji ya bomba lililopasuka, kwa hiyo inagonga koo na kubaki hapohapo, kifuani inafika kidogo mno, na mtoto wa miaka minne huwezi kumwambia vuta pumzi sekunde ileile ninayobonyeza, hata watu wazima wengi hawawezi.

Dawa yake ni kuweka kitu katikati ya pampu na mdomo, dawa ipumzike mle ndani kwanza, ipunguze kasi, matone yawe madogo, alafu mtoto aivute taratibu kwa pumzi zake za kawaida. Hicho kitu ndo speisa. Za dukani zipo lakini sio kila famasi wanazo na bei yake mara nyingi inazidi ya pampu yenyewe, sasa mtu wa Ukara au Kome umwambie apande meli kuja mjini kutafuta speisa, si utani huo.

Ndo hapo chupa ya soda inapoingia. Najua kuna watu wanaicheka, wanasema hiyo ni mambo ya umaskini, mtoto wa mwenzako unampa dawa kwa chupa ya kuokota. Sasa sikilizeni. Kuna mtafiti mmoja anaitwa Profesa Heather Zar, daktari wa watoto na wa magonjwa ya kifua pale Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, huyu mama mwaka 1999 yeye na wenzake walitoa kwenye jarida la Lancet majibu ya kitu walichokifanya kwa watoto 88 wa miaka 5 hadi 13 waliokuja wamebanwa. Wakawagawa makundi manne kwa bahati nasibu: wengine wakapewa dawa kwa speisa ya kiwandani, wengine kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri pale pampu inapoingia, wengine chupa ileile ila haijazibwa, na wa mwisho wakapewa kwa kikombe cha povu, vile vyeupe vya kunywea chai kwenye semina. Dawa ilikuwa ya kutanua njia ya hewa, jamii moja na salbutamoli. Wakapima upumuaji kabla na baada. Chupa iliyozibwa ikaenda sawa na speisa ya kiwandani. Isiyozibwa ikashika katikati. Kikombe kikawa cha mwisho, na tofauti ilionekana hasa kwa wale waliokuwa wamebanwa sana, yaani walewale ambao ungependa dawa isipotee. Mwaka 2007 wakatoa tena majibu ya watoto wadogo chini ya miaka 5, chupa haikushindwa na speisa ya kununua.

Kwa hiyo chupa ni kitu kilichopimwa, ila kilichopimwa ni chupa ILIYOZIBWA. Mimi kila nikimuona mtu ametoboa tundu kwa kisu, pampu inacheza mle ndani kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, najua huyu kasikia nusu ya habari. Fuata kama walivyofanya wao.

Vitu unavyohitaji: chupa ya soda ya nusu lita, ile plastiki ngumu, sio chupa laini za maji zinazobonyea ukizishika. Ndogo zaidi ya hapo usichukue. Waya mgumu, ule unaoinama kwa koleo lakini hauinami kwa vidole. Koleo. Jiko la mkaa lenye moto umekolea. Sabuni ya kuoshea vyombo. Plasta au selotepu pana. Pampu yenyewe. Mtoto atataka soda inywewe na yeye, hilo mtamalizana wenyewe.

Chupa iwe mpya, ya soda au maji tu. Nimeshaletewa iliyokuwa na mafuta ya taa ati imeoshwa mara tatu, hapana jamani, mtoto anavuta hewa ya mle ndani moja kwa moja hadi kwenye mapafu, na kifua cha mwenye pumu harufu tu inatosha kukifunga.

Sasa kazi. Toa kile kikopo cha chuma cha dawa kwenye pampu kiweke mbali kabisa na jiko, kina gesi ya kusukuma dawa na kikipata moto kinalipuka, sirudii. Ubaki na lile ganda la plastiki. Chukua waya uukunje ufuate umbo la mdomo wa ganda, yaani pale mtu anapoweka midomo, utapata kama yai lililobonyezwa, uache na mkia mrefu wa kushikia kwa koleo. Umbo liwe sawasawa na mdomo wa pampu au dogo kwa nywele moja, likizidi umeharibu. Ligusishe na pampu ulinganishe kabla hujaweka motoni, usiamini jicho.

Toka nje, watoto wakae mbali na moshi wa plastiki. Weka waya kwenye mkaa hadi uive, alafu ubandike kwenye kitako cha chupa (kitako, sio ubavuni, maana mdomo wa chupa ndo utakuwa mdomo wa mtoto na dawa inatakiwa isafiri urefu wote wa chupa), shikilia sekunde kama 10 plastiki ianze kulainika. Toa, pasha tena, geuza waya nusu duara uubandike palepale ili tundu liwe sawa pande zote, hadi kile kipande kiachie. Hapohapo plastiki ikiwa bado ya moto, sukuma mdomo wa ganda la pampu uingie. Ndo siri yenyewe hiyo, plastiki ikipoa inalishika ganda na kuchukua umbo lake. Ukichelewa ukaenda kumuamkia jirani, inakauka na tundu halitabana.

Ikishapoa chomoa, tikisa, chungulia ndani hakuna kipande cha plastiki kilichobaki. Chungulia kweli, kwa mwanga. Kingo zikiwa na ncha kali zikwangue. Alafu ukirudisha ganda, zungushia plasta au selotepu pale linapokutana na chupa. Kina Zar kwa anayetaka ikae moja kwa moja walitumia gundi, mi gundi siipendi kwa matumizi ya nyumbani sababu harufu yake inachelewa kuisha na ukitaka kuosha chupa inakuwa taabu, lakini ukitumia iache ikauke hadi usisikie harufu hata ukiingiza pua.

Kuna hatua watu wanairuka. Chupa mpya ya plastiki ina umeme tuli, ule unaofanya nywele zisimame ukivua sweta, na unavuta vumbi la dawa linaganda kwenye kuta za chupa badala ya kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tingisha, mwaga, USIIFUTE kwa kitambaa, ining'inize ikauke yenyewe. Suuza mdomo wa chupa tu pale mtoto anapoweka midomo, ndani acha utando wa sabuni ukaukie mle. Ukiifuta umeurudisha umeme uleule. Na kama mtoto anabanwa saa hiyohiyo na chupa haijaoshwa, bonyeza dawa mle ndani mara kama 10 bila mtu kuvuta, kuta zipake dawa, alafu endelea. Inapoteza dawa ndio, lakini ni dharura. Baada ya hapo iwe inaoshwa hivyohivyo mara moja kwa wiki au kila wiki mbili.

Namna ya kumpa. Mtoto akae wima, asilale. Tikisa pampu vizuri, hili nalo watu wanasahau. Pampu ikiwa mpya au imekaa siku nyingi, bonyeza mara mbili hewani kwanza. Ingiza pampu kwenye chupa, shika chupa ilale sawa, mtoto aweke midomo kuzunguka mdomo wa chupa kabisa, meno yasizibe njia na ulimi usiwe mbele. Bonyeza MARA MOJA. Alafu muache avute na kutoa pumzi zake humohumo ndani ya chupa mara tano au sita, taratibu, bila kuondoa mdomo. Subiri kidogo, nusu dakika hadi dakika, tikisa tena, bonyeza ya pili. Kubonyeza mbili kwa mpigo hakuongezi dawa, matone yanagongana yanakuwa makubwa yanaganda kwenye chupa, umepoteza zote mbili. Watoto wangu wa duka (wateja wadogo hao) nawaambia pumua kama umelala, wanaelewa haraka kuliko wazazi.

Mchanga ambaye hawezi kushika mdomo wa chupa anahitaji barakoa ndogo inayoziba pua na mdomo, hiyo usibuni nyumbani kwa kukata vikombe, nenda kliniki wakupe au wakuelekeze. Na mtoto anayelia sana dawa haiingii vizuri, watu wanadhani akilia ndo anavuta zaidi, sio, mbembeleze kwanza.

Sasa akibanwa ghafla. Pampu ya bluu, salbutamoli, mnaifahamu wengi kwa jina la Ventolin. Dozi fuata uliyoandikiwa na daktari wako, lakini hesabu ya dharura inayofundishwa sehemu nyingi ni bonyezo moja, pumzi zake kadhaa, subiri, jingine, moja moja hivyo hadi kufika 10 kama hajapata nafuu, huku mkiwa NJIANI kwenda hospitali. Msikae kusubiri yaishe ndo muondoke. Mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio ni dawa inafanya hivyo, itapita.

Dalili za kutosubiri hata kidogo: hawezi kumaliza sentensi, au mchanga hawezi kunyonya, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, amelegea au anasinzia hovyo, au ile nafuu aliyopata haifikishi masaa manne amebanwa tena. Na kuna moja inawadanganya wengi, kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikanyamaza ghafla huku mtoto anahangaika, watu wanasema alhamdulillah kimefunguka, kumbe hewa haipiti kabisa hata ya kupiga filimbi. Hapo bodaboda, mtumbwi, gari la jirani, chochote. Kwa mjini hospitali ya Sekou Toure au Bugando, kwa wengine kituo cha afya kilicho karibu chenye oksijeni, na chupa yako uende nayo, umpulizie njiani.

Wa visiwani nawasisitiza, panga kabla. Usiku ziwa likichafuka hakuna wa kukuvusha, kwa hiyo uwe na pampu mbili ndani, moja inatumika, moja haijafunguliwa. Kikopo kwa kawaida kina mabonyezo 200, andika kwa maka peni tarehe uliyoanza. Ile ya kukitumbukiza kwenye maji uone kinaelea au kinazama haiaminiki, na maji yanaweza kuziba tundu. Hesabu tu.

Nije kwenye maneno ya mtaani. "Pampu inazoesha, ukianza huachi." "Pampu ni ya waliofika hatua ya mwisho." Jamani. Pampu inapeleka dawa kidogo moja kwa moja panapouma, kidonge cha salbutamoli kinazunguka mwili mzima kwanza, kinachelewa kufanya kazi na kinatetemesha zaidi, ndo maana miongozo inataka ya kuvuta iwe ya kwanza na ya kumeza ni pale ambapo ya kuvuta haipo kabisa. Mimi vidonge vinanipa hela maana vinatoka kila siku, na bado nakwambia hivyo.

Kinachotakiwa kukuogopesha ni kitu kingine, kutumia bluu peke yake miaka na miaka. Bluu inatanua njia kwa masaa, haigusi uvimbe ulioko ndani ya njia ya hewa, na pumu ni huo uvimbe. Dawa ya uvimbe ni ile ya kila siku, mara nyingi ganda lake ni la kahawia, beklometasoni au budesonidi, inapulizwa hata siku ambazo mtoto anacheza mpira vizuri tu. Mwaka 2019 GINA, hao ni wataalamu wa dunia wanaotoa mwongozo wa pumu, walisema kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe tena kwa bluu peke yake, kila mmoja awe na dawa ya uvimbe ndani yake. Kwa hiyo ukiona unakuja kwangu kuchukua bluu kila mwezi, mi nitakuuzia, lakini nitakutuma pia kwa daktari na usininunie. Mwaka huohuo 2019 kwa hesabu za WHO pumu iliua watu 455,000 duniani na wengi walikuwa nchi za kipato kama chetu, ambako hiyo dawa ya kahawia ndo ngumu kupatikana. Chupa yako inafanya kazi kwa kahawia pia, na tena ni muhimu zaidi maana inapunguza inayobaki mdomoni. Baada ya kupuliza asukutue mdomo ateme, la sivyo ulimi unapata utando mweupe wa fangasi.

Ila kabla ya yote hayo uwe na uhakika ni pumu. Ukipanda kilima cha Bugarika au Isamilo kila mtu anahema, hiyo sio pumu. Kikohozi kikipita wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito, mtoto hakui, au nyumbani kuna aliyeugua TB, nenda ukapime kifua kikuu kwanza, kipimo ni bure. Kwa watoto wadogo zamani ilikuwa shughuli kwelikweli maana hawajui kutema makohozi, wakawa wanaingiziwa mpira tumboni asubuhi siku tatu mfululizo kutafuta makohozi waliyoyameza. Huyuhuyu Zar na wenzake mwaka 2005 walionesha kwamba mtoto akivutishwa mvuke wa maji ya chumvi kisha makohozi yakavutwa kwa kimashine, mara moja tu inaleta majibu yanayolingana na ule mpira mara tatu, na walifanya hata kwa wa mwezi mmoja. Kwa hiyo ukiambiwa mtoto mdogo hapimiki, uliza tena hospitali kubwa.

Na moshi. Hapa nitawagusa mama zangu na dada zangu wanaobanika samaki huko mialoni na wale wa jiko la kuni ndani ya chumba kimoja. Tangu 2012 kina Zar wanafuatilia watoto zaidi ya 1,000 huko Paarl karibu na Cape Town, tangu wakiwa tumboni, utafiti unaitwa Drakenstein, walipima hadi hewa ya ndani ya nyumba. Walichokiona ni kwamba moshi na vumbi ambalo mama alivuta akiwa MJAMZITO lilihusiana na mtoto kuugua mapafu mwaka wake wa kwanza, na sigara, aivute mama mwenyewe au avutiwe karibu yake, ilihusiana na kifua kupiga filimbi. Yaani mtoto hajazaliwa bado na kifua kimeshaanza kuharibiwa. Sisemi uache kazi, samaki ndo ada ya shule, nasema mjamzito apewe kazi ya kuparua na kupanga, akae upande upepo unakotoka, jiko la nyumbani litolewe nje au dirisha lifunguliwe, na baba sigara yako ukavutie mbali kabisa, sio mlangoni.

Shuleni mtoto aende na chupa na pampu ya bluu kwenye mfuko wenye jina lake, umpeleke mwenyewe kwa mwalimu wa darasa umuoneshe inavyotumika, mwalimu abonyeze mbele yako. Wengi wanaifungia kabatini ofisini alafu funguo anayo mwalimu aliyeenda semina, kwa hiyo hilo mkubaliane mapema, ikae inapofikika.

Chupa ikipasuka, ikipauka au tundu likilegea, tengeneza nyingine, waya wako si bado upo. Na ukimaliza kutumia usiache pampu imechomekwa, ichomoe, irudishie kifuniko chake, chupa ifungwe kizibo na pale kitakoni iingizwe kwenye mfuko safi. Mende wanapenda sana kuingia humo, na vitu vidogo kama sarafu au kifungo vikiwa kwenye mkoba vinaingia kwenye pampu isiyo na kifuniko alafu vinapulizwa kooni, kwa hiyo kila mara chungulia kwanza ndo umpe mtoto.